Usukani wa pikipiki ukikuchosha: uuzungushe, uuinue au uubadilishe?

Usukani unaotoka na pikipiki dukani umepangwa kwa mtu wa wastani anayeendesha peke yake. Mtu huyo hajawahi kutoka Mikindani na abiria nyuma, ndoo ya samaki katikati na mfuko wa mchele juu ya tangi. Ndiyo maana vijiweni Mtwara na Lindi malalamiko hayaishi: viganja vinakufa ganzi, mabega yanawaka, kiuno kinakataa kunyooka ukishuka. Na ushauri nao hauishi. Huyu anakwambia zungusha usukani kidogo, yule anakwambia weka vipande uuinue, mwingine anataka kukuuzia usukani mrefu alioufungua kwenye pikipiki yake.

Yeyote kati yao anaweza kuwa sahihi. Inategemea unaumwa wapi, na pikipiki yako inafanya kazi gani. Hapa nazilinganisha njia hizo tatu kwa vipimo vilevile, lakini kwanza kuna maswali ambayo yakijibiwa vibaya, njia yoyote utakayochagua itakuwa hasara.

Unakaa wapi ukiwa umepakia?

Mafundi wengi hawaulizi swali hili, na ningependa liulizwe kabla spana haijatoka mfukoni. Siti ya Boxer au ya TVS ni ndefu. Ukiwa peke yako unakaa katikati, mikono imenyooka vizuri. Akipanda abiria mwenye begi, unasogea mbele. Akipanda mama aliyembeba mtoto, na kiroba cha unga kikawekwa katikati, umefika kwenye tangi: viwiko vimebanwa mbavuni, vifundo vya mikono vimekunjika. Sasa mtu huyuhuyu anakwenda kwa fundi asubuhi, siti tupu, anakaa katikati na kusema, "Njomba, nisogezee usukani karibu." Fundi anausogeza. Mchana akipakia, usukani uko tumboni.

Kwa hiyo pima ukiwa umepakia. Mwombe mwenzako apande nyuma, mwingine ashike pikipiki kwa mbele isianguke. Fumba macho, inua mikono, kisha ishushe itue pale inapotaka yenyewe. Fumbua. Tofauti kati ya mikono ilipotua na mishikio ilipo ndiyo kazi unayotaka kufanyiwa. Ikiwa ni upana wa vidole viwili, huenda usinunue kitu chochote. Ikiwa ni upana wa kiganja kizima, kuzungusha peke yake hakutakufikisha.

Ganzi nayo ina maelezo yake. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni kifundo cha mkono kilichokunjika kwa muda mrefu, mshipa wa fahamu unaopita hapo katikati unabanwa. Ikishika kidole cha mwisho na cha pete, angalia kiwiko kilichokunjwa mno au uzito unaoulaza kwenye ukingo wa nje wa kiganja. Maumivu katikati ya mabega huja ukiwa unaufuata usukani ulio mbali, na huja pia ukiwa umeinua mabega kuufikia ulio juu mno. Na kama ganzi inakuamsha usiku ukiwa kitandani, hilo la hospitali, si la fundi.

Leva kwanza, ni bure

Kuna marekebisho moja siyahesabu kama chaguo kwa sababu kila mtu anapaswa kuyafanya kabla ya mengine: leva za klachi na breki. Pikipiki nyingi zinakuja leva zikiwa zimelala bapa, au fundi wa mwisho alizifunga alivyojisikia. Kaa kwenye siti, shika mishikio, nyoosha vidole juu ya leva. Mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole uwe mstari mmoja. Ikibidi uvunje kifundo cha mkono kwenda juu ili uifikie klachi, leva iko juu. Legeza bolti zake ndogo, ambazo kwa pikipiki nyingi ni za spana namba 10, ishushe, kaza. Usikaze kwa hasira: ikiwa imekazwa kiasi tu cha kutocheza, siku pikipiki ikianguka leva itazunguka badala ya kukatika.

Tazama pia waya wa klachi. Waya uliokauka unafanya mkono wa kushoto unyonge kitu kigumu mara mia kwa siku, na hakuna usukani utakaotibu hilo. Udondoshee oili kwa juu mpaka itokee chini. Na mishikio iliyochakaa hadi ikawa laini kama goti la mbuzi inakulazimisha kubana zaidi ili mkono usiteleze. Ibadilishe, bei yake ni ndogo.

Halafu simama mbele ya pikipiki, gurudumu likiwa limenyooka, uangalie kama pande mbili za usukani zinalingana. Pikipiki iliyowahi kuanguka mara nyingi ina usukani uliopinda, na mwenye nayo ameshauzoea hadi haoni. Huyo hahitaji starehe, anahitaji usukani mpya wa aina ileile. Kuunyoosha kwa moto au kuuchomelea ni kuudhoofisha, na chuma hicho kikikatika hukatika ukiwa umeshika breki.

Vipimo vinne

Njia zote tatu nazipima kwa mambo haya: inabadilisha nini kwenye mkao, pikipiki inaongozwa vipi baadaye, hasa yenye mzigo, nyaya na bomba la breki vinaathirika vipi, na gharama pamoja na uwezekano wa kurudisha kama ilivyokuwa. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Bodaboda wengi wanaendesha pikipiki ya mkataba au ya hesabu, na tajiri, yaani mwenye pikipiki, akikuta chombo chake kimechongwa chongwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kuzungusha usukani uliopo

Usukani wa kawaida unapanda juu kutoka kwenye vibano vyake, kisha unapinda kurudi nyuma. Ukiuzungusha kuja kwako, mishikio inakaribia na kushuka. Ukiuzungusha kwenda mbele, inasogea mbali na, kwa kiasi fulani, inapanda. Hizo ndizo zawadi zake zote. Huwezi kupata mishikio iliyo juu zaidi na karibu zaidi kwa wakati mmoja, na ukiuvuta sana nyuma ncha zake zinatazama chini, kifundo kinakunjika upande mwingine, ganzi inarudi na jina jipya.

Lakini marekebisho madogo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Milimita chache kwenye kibano ni sentimita nzima na zaidi kwenye mshikio. Fanya hivi: weka pikipiki kwenye stendi kubwa mahali pa usawa. Chora mstari unaovuka kibano na usukani kwa rangi ya kucha, ujue ulikotoka. (Usukani wa kiwandani mara nyingi una alama ya nukta iliyogongwa, inayolingana na ukingo wa kibano, itafute kabla hujachora yako.) Legeza bolti nne, usizitoe. Sogeza kidogo, kaa, shika, sogeza tena. Ukiridhika, kaza kwa zamu, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya nyingine. Kwenye baadhi ya pikipiki kifuniko cha kibano kina mshale au nukta inayotakiwa ielekee mbele, na bolti za mbele ndizo zinazobanwa kwanza hadi mwisho, mwanya ukabaki nyuma. Bolti za milimita 8 za sehemu hii mara nyingi hukazwa kwa Nm 20 hadi 25 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli. Kama huna spana ya kupimia nguvu hiyo, tumia spana fupi. Bomba la kuongezea urefu wa spana halina kazi hapa, linavunja meno ya alumini.

Uongozaji haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua, maana upana wa usukani ni uleule na uzito wako umebaki ulipokuwa. Hatari iko kwenye tangi. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukiwa umeshika: vidole gumba visiguse tangi. Mtu akikata kona ya taratibu kwenye vichochoro vya Chikongola huku kidole kimebanwa kati ya mshikio na tangi, ataachia klachi bila kupenda.

Nyaya kwa kawaida zinatosha. Kwenye breki ya mbele ya mafuta, ukishazungusha usukani, legeza kopo la mafuta ya breki ulirudishe katika usawa wake. Likiinama sana hewa inaweza kuingia na breki ikawa laini.

Gharama: hakuna, au soda ya fundi. Kurudisha: dakika kumi, kama mstari wako bado upo.

Inamfaa mtu mfupi anayeinua mabega kufikia mishikio, mtu ambaye tofauti yake ni ya vidole viwili, na yeyote mwenye chombo ambacho si chake.

Kuinua kwa vipande

Hapa usukani unabaki uleule, unapandishwa kwa kuwekewa vipande vya chuma au alumini chini yake. Vipo vinavyopandisha wima tu, na vipo vilivyoinama kidogo ambavyo vinapandisha na kurudisha nyuma pamoja. Hivi vya pili ndivyo vinavyotoa kile kuzungusha kunachoshindwa.

Mtu mrefu ndiye anayenufaika zaidi. Akikaa, mgongo unakunjuka, uzito unatoka kwenye viganja, shingo inapumzika. Lakini ule uzito hauyeyuki, unahamia kwenye makalio na kiuno. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, mgongo ulionyooka kabisa unapokea kila pigo moja kwa moja kutoka kwenye siti, wakati mgongo ulioinama kidogo mbele unalimeza. Wapo waliotibu viganja wakaanza kulalamikia kiuno. Inua kwa kiasi cha kukunjua mgongo. Ukiinua hadi ukae kama uko kwenye kiti cha ofisini, umepitiliza.

Swali la ufundi ni jinsi vibano vyako vilivyofungwa. Angalia bamba la juu linaloshika shokapu za mbele. Kama vibano vya chini ni vipande vinavyojitegemea, vimefungwa kwa bolti kutoka chini, kipande cha kuinulia kinaweza kuingia katikati kwa bolti ndefu zaidi. Kama vibano vimemwagwa pamoja na bamba, ni kitu kimoja, unahitaji aina yenye shina linaloshikwa na kibano cha zamani, na juu yake kuna kibano kipya. Usichanganye aina hizi mbili. Na kama vibano vyako vimekalia mpira, jua kwamba kila milimita unayoongeza inakuza mchezo wa mpira huo: usukani utahisi unayumba hata kama kila bolti imekazwa.

Vipande vya dukani havipatikani kila mahali huku kwetu, kwa hiyo watu wanakwenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Sina tatizo na hilo, fundi mzuri anakereza kipande safi kuliko baadhi ya vile vinavyoletwa kwenye boksi. Tatizo ni bolti. Omba bolti zenye namba 8.8 kichwani, na bolti ya milimita 8 iingie ndani ya meno kwa angalau milimita 12. Bolti ya kitanda iliyookotwa kwenye kopo la fundi haina nafasi hapa. Washa zilizopangwa moja juu ya nyingine hazifai, wala kipande cha bomba la maji kilichokatwa. Nimeviona vyote viwili barabarani, na mwenye pikipiki anatabasamu.

Kuhusu nyaya: vipande vya milimita 20 hivi mara nyingi hupita na nyaya zilezile. Ukifika 40 au 50, tegemea kuzibadilishia njia au kununua ndefu. Bomba la breki halitaniwi. Likivutika usukani ukikatwa hadi mwisho, urefu huo haufai, basi.

Gharama ni ya kati, na inarudishika yote ukitunza bolti za zamani. Siku hiyo hiyo unaweza kuwa umemaliza.

Kubadilisha usukani

Hii ndiyo njia yenye mabadiliko makubwa zaidi, ndiyo pia yenye mshangao mwingi. Wengi wanautaka usukani wa zile pikipiki za porini, wa kina XL: mpana, umepanda, umenyooka kuliko ule wa Boxer.

Faida yake iko kwenye mchanga. Usukani mpana unakupa nguvu ya kuushinda mchanga unapolivuta gurudumu upande. Anayekwenda Msimbati anajua ninachosema, na vilevile wa njia za ndani za Tandahimba wakati mchanga umekauka. Ukipanda juu kidogo unaweza pia kusimama kwenye vikanyagio bila kuinama kama unafua, magoti yakafanya kazi ya shokapu. Hiyo ni kwa anayeendesha peke yake. Ukiwa na abiria, kusimama ni habari ya kusahau.

Hasara yake iko mjini, na nyumbani. Kwenye foleni ya stendi au sokoni, usukani mpana unagonga vioo vya magari na mabega ya watu. Halafu pikipiki nyingi zetu zinalala sebuleni au koridoni. Pima mlango kabla ya kununua. Kuna watu wanaingiza pikipiki kwa kuilaza upande kila usiku kwa sababu ya sentimita mbili.

Vipimo vya kununulia: pikipiki nyingi ndogo zinatumia usukani wa unene wa milimita 22 kwenye kibano. Zipo sukani nene katikati, milimita 28.6, zinazopungua hadi 22 kwenye mishikio. Hizo zinahitaji vibano vyake. Usikubali kufungiwa usukani mwembamba kwenye kibano kikubwa kwa kuviringishiwa bati la kopo. Angalia pia kama usukani mpya una matundu ya swichi. Nyumba ya swichi, na ile ya mshikio wa mafuta, huwa na kipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani ili isizunguke. Usukani usio na tundu unatakiwa utobolewe mahali sahihi. Njia ya mkato ni kukata kipini, na matokeo yake ni siku nyumba ya mafuta inazunguka pamoja na mkono wako wakati unataka kupunguza mwendo.

Nyaya hapa karibu kila mara ni tatizo: klachi, mafuta, breki, wayaringi ya swichi na taa. Bei ya usukani mtumba inaweza kuwa ndogo, ila ongeza nyaya ndefu, bomba, mishikio, vioo na siku ya kazi uliyoipoteza, ndipo ulinganishe. Kurudisha kunawezekana kama hukuuza usukani wa zamani. Watu huuza.

Mzigo wa nyuma unabadilisha hesabu

Kuna jambo linalozihusu njia mbili za mwisho, na kwa mikoa yetu ndilo ningelipa uzito mkubwa. Ukiinua usukani au ukaurudisha nyuma, mwili wako unarudi nyuma nao. Gurudumu la mbele linabeba uzito mdogo zaidi. Kwa mtu anayeendesha peke yake kwenye lami, hataona kitu. Kwa mtu aliyefunga gunia la korosho nyuma ya siti msimu wa minada, anapandisha mlima wa Newala kutokea Masasi, mbele tayari ni nyepesi. Usukani unaanza kuyumba mkononi, breki ya mbele inashika bila kushika, na akiongeza mafuta ghafla gurudumu linainuka. Mzigo huo unataka mpandaji aliyeegemea mbele, hata kama viganja vitachoka.

Upepo nao. Barabara ya Lindi hadi Mtwara ina zaidi ya kilomita 100 za lami. Wakati wa kusi, ukitoka Lindi kurudi Mtwara, kifua kilichonyooka kinakuwa tanga. Unavuta usukani saa nzima ili usisukumwe nyuma, na unafika na mabega yaleyale uliyotaka kuyatibu. Ukikaa umeinama kidogo, upepo ukikusukuma kifuani unakupunguzia uzito wa viganjani. Mwendo wa mjini hauna habari hiyo.

Majaribio, njia yoyote uliyochagua

Usiondoke kwa fundi kabla ya haya. Pikipiki iko kwenye stendi kubwa, imewashwa, iko frii, hujashika mafuta. Kata usukani taratibu hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Muungurumo ukipanda, waya wa mafuta umevutika, na siku utakapokata kona kali pikipiki itaongeza mwendo yenyewe. Shika klachi usukani ukiwa umekatwa kila upande: leva iwe na ulegevu mdogo mwanzoni, kama milimita 2 au 3 pale inapokutana na kishikizo chake. Bila huo, klachi itakuwa inateleza na sahani zake zitaungua. Minya breki ya mbele, sukuma usukani kwa nguvu mbele na nyuma, juu na chini. Ukisogea kwenye kibano hata kidogo, kaza upya. Pangilia vioo upya, maana vimehama navyo. Baada ya siku moja ya kazi, pitia bolti zote tena. Sehemu mpya hujikalia na kulegea.

Kwa hali yako

Bodaboda wa mjini, safari fupi fupi, abiria huyu anashuka yule anapanda, chombo cha mkataba: anza na leva na oili ya waya wa klachi, kisha zungusha usukani kidogo ukiwa na mtu nyuma. Mara nyingi utaishia hapo. Kama viganja bado vinakufa ganzi baada ya wiki kadhaa, zungumza na tajiri kuhusu vipande vifupi.

Ukiwa mrefu na safari zako ni za lami, Mtwara, Mingoyo, Masasi, bila mzigo mkubwa, vipande vya milimita 20 hadi 30 vinakufaa kuliko usukani mpya. Chukua vinavyorudisha nyuma ikiwa tu hukai karibu na tangi. Safari zako zikiwa ndefu wakati wa kusi, chagua kifupi kati ya hivyo.

Anayezunguka vijijini peke yake, iwe ni kununua ufuta, kukagua mashamba au kupeleka dawa, na njia zake ni mchanga na makorongo, usukani mpana una maana kwake na gharama yake inajilipa. Kama pikipiki ni ya serikali au ya shirika, omba ruhusa kwa maandishi, na kama haikutolewa, baki na kuzungusha na kubadili mishikio.

Mbeba mizigo ya korosho, mkaa au mbao, usiinue. Zungusha mbele kidogo ukihitaji nafasi, panga mzigo uwe chini na karibu nawe, na upumzike njiani.

Mwanamke au kijana mfupi aliyekuta usukani uko mbali na juu, uzungushe kuja kwako, leva zishushwe kufuata, na uangalie tangi. Vipande vya kuinulia vitakuongezea tatizo. Ikiwa hata hivyo hufiki bila kunyoosha viwiko kabisa, hapo usukani mwingine uliorudi nyuma zaidi unastahili kutafutwa, na mfupi kwa upana.

Na pikipiki yenye watu wawili, mmoja wa mchana na deiwaka (anayemshikia) wa usiku, msiwe mnalegeza bolti za usukani kila mnapopokezana, meno ya vibano yatakwisha. Uwekeni mahali ambapo mfupi anafika bila kunyoosha viwiko, mrefu akae nyuma kidogo kwenye siti, na kila mmoja arekebishe vioo vyake anapopokea funguo.